Khamrah katika Nyumba ya Eda

Kiswahili husikia harufu. Mtu akipita karibu na nyumba inayopikwa pilau husema, "Nasikia harufu ya bizari," kana kwamba harufu imebisha hodi na sikio ndilo lililoitika. Kitenzi cha kunusa kipo, lakini kunusa ni kazi ya makusudi: mtu hulichuma ua, akalisogeza puani, akavuta pumzi. Kusikia hakuna makusudi. Harufu hujijia yenyewe kwa upepo wake, na aliyefikiwa nayo hakutenda lolote ila kuwapo pale. Halafu wapo wale mapacha wasiopatana, kunuka na kunukia, ambao mgeni wa lugha huwachanganya akachekwa baraza nzima. Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote ya marashi kufunguliwa, lugha imekwisha kuuliza maswali yake mawili: kitu hiki kinanuka au kinanukia, nawe umekinusa au umekisikia?

Siku hizi limezuka swali la tatu, nalo ni kama kitu chenyewe ni cha kupaka au cha kula. Katika maduka ya Darajani, Unguja, kama katika yale ya Mombasa na Dar es Salaam, rafu zimejaa chupa zilizotoka Dubai, na nyingi miongoni mwazo hunukia kitu cha kutia kinywani: vanila, chokoleti, tende, maziwa, njugu za kukaanga na sukari. Mojawapo ni Khamrah, iliyotolewa mwaka 2022 na Lattafa, kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Chupa yake ni nzito, ya kioo kilichochongwa, ujazo wake mililita 100, na bei yake katika masoko mengi huwa karibu na dola 30 za Marekani. Wapenzi wa manukato husema kwamba inafuata nyayo za Angels' Share ya Kilian, ya mwaka 2020, ambayo chupa yake ya nusu ya ujazo huo huuzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Ikipulizwa, hutangulia mdalasini na kungumanga. Baadaye hufika tende, pamoja na kile ambacho Wafaransa wamekiita praline kwa jina la jemadari wao mmoja wa karne ya 17, na ambacho, jemadari akiwekwa kando, ni lozi zilizopikwa katika sukari hata ikashika, yaani kashata. Mwisho, kwenye nguo, hubaki vanila, tonka na manemane kidogo. Tena hubaki sana. Kanga huweza kufuliwa ikaanuliwa ingali nayo.

Mwanamke wa mjini aliyelelewa zamani angeshangaa kuambiwa kwamba hayo ni marashi. Yeye alifundishwa kuuacha moto nyuma yake. Akimaliza kupika alikwenda kuoga, akajisugua liwa, akavaa kanga zilizofukizwa, akatia kikuba cha asumini, mkadi na mrehani nyweleni au kifuani, ili mumewe akirudi asisikie hata chembe ya kitunguu. Mke kunuka jikoni lilikuwa neno la kusutwa. Jiko lilikuwa na harufu zake, chumba kikawa na zake, na ukumbi uliokuwa katikati ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana. Msichana wa leo, anayejipulizia maandazi na vanila kisha akatoka kwenda kwenye harusi, anaonekana kuuvunja ukuta ambao bibi yake aliujenga kwa maji, sabuni na makaa ya chetezo.

Ukuta huo ulijaribiwa katika nyumba moja ya Malindi, ambamo mwanamke wa miaka 71 alikuwa amekaa eda. Mumewe alikuwa amefariki baada ya ndoa ya miaka zaidi ya 40, naye alikuwa ameingia katika ile miezi 4 na siku 10 ambazo kizuka huzihesabu kwa vidole na kwa mwezi. Wanja uliondolewa, hina ikaachwa ifutike yenyewe, bangili zikafungwa katika kitambaa. Chetezo kilipinduliwa, kikawekwa juu ya kabati kikitazama chini. Nyumba ambayo kila Alhamisi jioni ilikuwa ikifuka udi hata wapita njia wakaijua kwa pua, ikawa haina harufu. Waliokuja kutoa rambirambi walijihadhari: walioga, wakavaa, wakaja bila ya kujitia kitu.

Marehemu alikuwa mtu wa baraza na kahawa chungu. Kashata huandamana na kahawa chungu kama mwangwi unavyoandamana na sauti, naye alikuwa na ada ya kuweka vipande viwili mfukoni mwa kanzu, vimefungwa katika karatasi, akavileta nyumbani. Kwa miaka yote ile mkewe alilalamika kwamba karatasi inavuja na kwamba mfuko wa kanzu unafanya mafuta ya njugu. Aliifukiza kanzu ile kwa udi, na udi haukuishinda njugu; vilikaa pamoja. Jambo hilo halikuwahi kuwa na jina wala hakuna aliyelisifu. Lilikuwa kero tu, katika kero za nyumba.

Katika mwezi wa pili wa eda alifika msafiri kutoka Maskati na mzigo wa binti yao anayefanya kazi huko. Mlikuwa na maziwa ya unga, majani ya chai, vitambaa viwili, na chupa ya Khamrah iliyonunuliwa kabla ya msiba. Chupa ilitiwa kabatini bila ya kufunguliwa. Mjukuu wa kike, miaka 17, ambaye alikuwa akilala katika nyumba ile ili kumtazama bibi yake, aliivumilia kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuwa na shughuli ya skuli. Alijipulizia chumbani kwake, mlango umefungwa, mara mbili tu, akiamini kwamba itaishia humo humo.

Bibi alikuwa ameketi ukumbini, mgongo wake kwa mlango, tasbihi mkononi. Alinyanyua kichwa. Hakuuliza nani anapika. Aliuliza, "Nani kaja?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyekuja. Msichana alipotokeza, aliuona uso wa bibi yake akafahamu kuwa amefanya kosa, lakini hakufahamu ni kosa gani. "Ni mimi, Bibi. Nimejipulizia ile chupa ya mama mdogo. Niwie radhi, nakwenda kuoga." Akageuka.

"Usende," alisema bibi. Kisha, baada ya kimya: "Wala usinisogelee. Kaa hapo hapo mlangoni."

Alikaa mlangoni, mkoba wake wa vitabu begani, akachelewa skuli.

Habari ya chupa ilitoka nje ya nyumba, kama habari zote za eda zinavyotoka, na cha kwanza kilichozungumzwa na wanawake wa mtaa kilikuwa jina lake. Hamra! Kilevi, katika nyumba ya kizuka! Haikusaidia kueleza kwamba Angels' Share, ile inayofuatwa nyayo, imepewa jina kwa sehemu ya konyaki inayopotea kwa mvuke mapipani, na kwamba huenda aliyeita hii Khamrah alikuwa akijibu fumbo kwa fumbo. Lakini lugha ina rehema zake. Shina lile lile la Kiarabu, lenye maana ya kufunika na kuacha kitu kichachuke, ndilo lililowapa Waswahili hamira. Na kutoka katika hamira ukoo unafika hadi mahamri ya nazi na iliki yanayoliwa kwa mbaazi asubuhi. Kwa hati ya Kiarabu isiyotiwa irabu, neno hilo la kwenye chupa huweza pia kusomwa khumra, nayo khumra ni manukato mashuhuri ya Sudan, ya msandali, miski, karafuu na mafuta, yanayochanganywa yakafungiwa chomboni yakomae, na yanayojulikana kuwa ni ya wanawake walioolewa. Basi katika herufi tatu amekaa mlevi, amekaa mwokaji wa mahamri na amekaa bibi harusi wa Khartoum. Wanawake wa mtaa walimchagua mlevi, kwa kuwa ndiye mwenye masimulizi mazuri zaidi.

Swali la haki lilikuwa jingine. Vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Shafi, ambavyo vimesomeshwa katika mwambao kwa karne nyingi, havikuiacha pua bila ya sheria, na katika mlango wa ihramu ya hija kama katika ule wa eda vilitafuta mpaka baina ya manukato na kisichokuwa manukato. Kipimo chao ni muradi. Kitu ambacho watu hukitafuta kwa ajili ya kunukia, kama miski, udi, kafuri, waridi na zafarani, ni manukato, na hata chakula kilichotiwa zafarani ladha au harufu yake ikadhihiri huingia katika makatazo. Kitu ambacho hutafutwa kwa kuliwa au kwa dawa, kama tufaha, mdalasini na karafuu, si manukato, hata kikinukia namna gani. Ni kipimo chepesi na cha busara. Kwa kipimo hicho halua ya zafarani na marashi ya mawaridi ina utata kwa kizuka, lakini kashata haina. Khamrah nayo, ambayo ni kashata kwa sauti lakini ni manukato kwa muradi, haikuhitaji mjadala: asijitie. Wala yeye hakutaka kujitia. Kilichobaki ni lile jambo la mlangoni. Harufu iliyosikiwa si harufu iliyonuswa, na mwanamke aliyesema "usinisogelee" alijua kwa hakika mahali mstari ulipopita. Aliusimamia, kidole cha mguu kikiwa upande wa huku.

Ukuta wa jiko na chumba, kwa kweli, haukuwahi kuwa mzima kama walivyodai waliojenga. Marashi ya mawaridi yaliyonyunyizwa kwa mrashi juu ya vichwa vya wageni wa maulidi ndiyo hayo hayo yaliyotiwa katika halua. Karafuu ilitafunwa kwa ajili ya kinywa, ikatiwa katika pilau, ikasagwa katika viungo vya mwili. Na udi wenyewe, mlinzi wa ukuta! Udi wa kipande, ule wa mti, umekuwa ghali tangu zamani na ukazidi kuwa ghali miti yake ilipowekwa chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa, spishi moja mwaka 1995 na nyingine zake mwaka 2004. Kwa hiyo wengi hutumia udi wa kupikwa, na kila mwanamke wa mwambao aliyewahi kuupika anajua unaanza na nini. Unaanza na sukari. Huyeyushwa sufuriani hata ikageuka rangi, ndipo vijiti, miski, ambari na mafuta ya manukato yakachanganywa humo, na ujuzi wote umo katika kujua sekunde ya kuepua kabla sukari haijawa chungu. Kinachopanda kutoka chetezoni jioni ya Alhamisi, chini ya miski na ambari, ni sukari inayoungua mara ya pili. Wapishi wa udi walikuwa wakifukiza peremende ndani ya kanga kabla Paris haijalijua jambo hilo.

Paris ililijua mwaka 1992. Mwaka huo ilitoka Angel ya Thierry Mugler, iliyotungwa na Olivier Cresp, ambamo pachuli ilifunikwa kwa wingi wa etili-maltoli, kitu chenye harufu ya sukari iliyoungua ambacho mpaka wakati huo kilikuwa zaidi cha wapika vyakula viwandani. Mugler alitaka harufu za viwanja vya sherehe za utoto wake, pamba ya sukari na vitu kama hivyo. Wapo waliocheka, lakini jamii nzima ya marashi ya kulika ilizaliwa hapo. Vanila ilikuwa imekwisha kutangulia muda mrefu: Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, ilijengwa juu ya vanilini yenye nguvu ya kutengenezwa maabara. Na hapa visiwa vinaingia kwa mlango wa nyuma. Vanilini ya kwanza ya maabara, ya Tiemann na Haarmann huko Ujerumani mwaka 1874, ilitokana na utomvu wa misonobari. Lakini kuelekea mwisho wa karne hiyo viwanda viligeukia eujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu, na vikaifuata kwa miongo kadhaa mpaka mabaki ya viwanda vya karatasi yalipopatikana kuwa rahisi zaidi. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Utamu uliosifiwa katika kumbi za Ulaya ulikuwa, kwa kiasi kisichoweza kupimwa tena, jasho la wachumaji wa Pemba lililogeuzwa jina. Makonyo yangali yakikamuliwa mafuta kiwandani Wawi, na langilangi ya Komoro ingali ikipanda meli. Zinazorudi ni chupa.

Njugu yenyewe, hata hivyo, haimo chupani. Harufu ya karanga zilizokaangwa huzaliwa motoni, pale sukari na protini zinapokutana, na miongoni mwa vinavyotoka ni pirazini, ambazo zimo pia katika kahawa iliyokaangwa na katika ganda la mkate. Mtunga marashi hutia chembe ndogo sana ya vitu vya namna hiyo, pua ikamaliza kazi iliyobaki kwa kumbukumbu zake. Ndiyo maana pua mbili hazisikii kitu kimoja. Msichana alisikia peremende za Ulaya. Bibi alisikia mfuko wa kanzu.

Washairi hawakupata tabu na mchanganyiko huu. Katika tungo za mahaba za mwambao mpenzi huwa asumini katika ubeti mmoja akawa halua katika ubeti wa pili. Huwa zabibu, huwa embe, huwa tende, kisha akarudi kuwa miski, na hakuna msikilizaji wa taarabu aliyewahi kusimama ukumbini akauliza kama mwanamke huyo ni wa kunuswa au wa kuliwa. Utamu, katika Kiswahili, haujawahi kukaa ulimini peke yake. Sauti ni tamu, usingizi ni mtamu, maneno ni matamu. Harufu ndiyo iliyochelewa kupewa sifa hiyo, na pengine marashi haya ya rahisi yataizoesha.

Haya si kusema kwamba Khamrah ni kazi kamili. Ina kelele. Katika joto la Februari, ndani ya daladala, vanila yake hunenepa mpaka hewa ikakosa pa kupita, na tende iliyokuwa ya kupendeza saa moja asubuhi huwa shira saa saba mchana. Imetungwa kwa vyumba vyenye viyoyozi. Haina ule mwanya wa asumini, ambao hunukia usiku ukanyauka alfajiri, na kwa kunyauka kwake ukamfundisha mtu kuchuma tena. Na wapo wasioipuliza kwa sababu ya spiriti iliyomo, ambao hungoja mafuta ya kupaka. Lakini bei yake ni jambo la kuheshimiwa. Muuza duka, mwalimu, mfanyakazi wa ndani anayeweka akiba miezi mitatu, wote huweza kuifikia. Ilhali tola moja ya mafuta mazuri ya udi imekuwa kitu cha kutazamwa kwenye kabati la kioo.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja mapema. Kizuka alikoshwa, akavishwa nguo mpya, chetezo kikateremshwa juu ya kabati, kikapanguswa vumbi. Udi ulipikwa na jirani, na sukari yake ilichelewa kuepuliwa kidogo, ikawa na uchungu, hakuna aliyesema. Alifukizwa nywele, alifukizwa kanga, akapakwa mafuta ya waridi viganjani. Wageni walipopungua aliomba aletewe ile chupa.

Aliishika kwa mikono miwili kwa ajili ya uzito wake. Alikifungua kifuniko, akakisogeza kinywa cha chupa puani, akanusa. Alinusa tena. Mdalasini ulikuwa mwingi. Kulikuwa na tende, na utamu mzito nyuma yake, na kitu kama dawa. Aliitafuta njugu akaikosa. Aliutafuta udi wa zamani uliogoma kuishinda njugu, akaukosa pia. Yalikuwa marashi, tena mazuri.

"Bibi, nikupulizie?" aliuliza mjukuu.

Alimrudishia chupa. "Jipulizie wewe," alisema, akijigeuza kitini mpaka mgongo wake ukaelekea mlango. "Halafu ngoja kidogo huko ndani, ndipo upite."